Tutembee Sana au Tukimbie Kidogo?

Mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni mbili katika Tanzania walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio. Kampeni ile iliitwa Mtu ni Afya. Walijifunza habari za malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Baada ya somo walirudi nyumbani wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba.

Maradhi hayo bado tunapambana nayo. Lakini siku hizi yako maradhi mengine ambayo hayaletwi na mbu wala maji machafu. Hayo ni shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha, na kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi. Zamani tulidhani ni maradhi ya watu wa mjini. Sasa yamefika vijijini.

Jambo moja linalosaidia kuyazuia ni mazoezi ya mwili. Wengi tumesikia hivyo. Lakini mazoezi yapi? Je, ni bora kutembea kwa muda mrefu, au kukimbia kwa nguvu kwa muda mfupi? Somo letu la leo litajibu swali hilo.

1. Mwenye duka na mpwa wake

Tuchukue mfano wa mwenye duka mmoja. Umri wake ni miaka 52. Zamani alikuwa mkulima hodari. Alilima kwa jembe la mkono. Alfajiri alitembea kwenda shambani, na jioni alirudi na mzigo begani. Miaka minane iliyopita alifungua duka. Tangu wakati huo hukaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka usiku. Akitaka kwenda gulioni, huita bodaboda. Hata akienda kwa ndugu yake ng'ambo ya bonde, huita bodaboda.

Siku moja alimsindikiza mkewe zahanati. Muuguzi alikuwa akipima presha ya watu wazima wote waliofika. Mwenye duka alicheka, akasema, "Mimi siumwi." Alipimwa, ikaonekana presha yake ni 158 kwa 98. Akaambiwa arudi siku nyingine. Aliporudi alikutwa na presha ya juu tena. Alishangaa sana, maana hakusikia maumivu yoyote. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Mara nyingi hauna dalili. Mtu huutambua kwa kupimwa tu.

Muuguzi alimpeleka kwa mganga. Alipewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na afanye mazoezi. Jioni ile mpwa wake, ambaye ni mchezaji wa timu ya kijiji, alifika dukani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujambo, mpwa wangu?"

"Sijambo. Nimesikia habari za zahanati. Usiwe na wasiwasi, mjomba. Kesho alfajiri njoo uwanjani. Sisi tunakimbia mchakamchaka, tunazunguka uwanja mara kumi. Fanya hivyo wiki mbili tu, presha yote itakwisha."

"Mara kumi! Mimi sijakimbia tangu nilipomaliza shule. Je, nikitembea tu haifai?"

"Kutembea? Mjomba, kutembea kila mtu anatembea. Zoezi lisilomtoa mtu jasho na pumzi si zoezi."

Kesho yake mwenye duka alifika uwanjani. Mzunguko wa kwanza alikimbia vizuri. Mzunguko wa pili alianza kuhema. Mzunguko wa tatu kifua kilimbana, macho yakaona giza, magoti yakatetemeka. Akaketi chini kwenye nyasi. Vijana wakamletea maji. Baada ya muda hali ile ilipita, akarudi nyumbani polepole. Ilimpasa aende zahanati siku ile ile, lakini hakwenda. Aliona haya.

Tangu siku hiyo mwenye duka alisema, "Mazoezi si mambo ya umri wangu. Mimi nitameza dawa tu."

Hapa yako makosa mawili. Mpwa alidhani zoezi ni lile la nguvu peke yake. Mjomba naye alidhani kwamba akishindwa lile la nguvu, hakuna jingine lililobaki. Wote wawili hawakujua ukweli.

2. Moyo unafanya kazi gani?

Kunja ngumi yako uitazame. Moyo wako una ukubwa unaokaribia ngumi hiyo. Moyo ni msuli, kama ilivyo misuli ya mkono na mguu. Kazi yake ni kusukuma damu. Damu hupeleka chakula na hewa ya oksijeni mwilini kote.

Mtu mzima anapokaa kimya, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na mara 100 kwa dakika. Tuseme moyo wako unapiga mara 70. Tufanye hesabu:

Dakika moja: mara 70.
Saa moja: 70 x 60 = mara 4,200.
Siku moja: 4,200 x 24 = mara 100,800.

Moyo haupumziki siku ya Ijumaa wala ya Jumapili. Unapokaa kimya, husukuma damu karibu lita 5 kila dakika. Fikiria dumu la mafuta ya kula la lita 5. Unapofanya kazi nzito, moyo wenye afya unaweza kusukuma lita 20 kila dakika. Hiyo ni ndoo kubwa ya maji, kila dakika moja!

Sasa, msuli unaofanyishwa kazi hupata nguvu. Mkono wa mhunzi una nguvu kwa sababu ya nyundo. Moyo nao ni hivyo hivyo. Ukiuzoesha, kila pigo moja husukuma damu nyingi zaidi. Kwa hiyo unapopumzika hauhitaji kupiga mara nyingi. Tuseme mapigo yamepungua kutoka 70 hadi 60 kwa dakika. Kwa siku moja yatakuwa 86,400. Moyo umepunguziwa mapigo 14,400 kila siku.

Si hilo tu. Mazoezi huilegeza mishipa ya damu, na presha hushuka. Tena misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo ndani ya damu. Ndiyo maana mazoezi humfaa pia mgonjwa wa kisukari.

3. Dereva na kondakta

Watu walijuaje mambo haya? Tusafiri kidogo kwa mawazo mpaka mji wa London, nchini Uingereza. Mabasi ya huko yalikuwa ya ghorofa. Abiria wengine walikaa chini, wengine walikaa juu. Kila basi lilikuwa na wafanyakazi wawili, dereva na kondakta. Dereva alikaa kwenye kiti kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa, akikata tiketi.

Daktari mmoja aitwaye Jeremy Morris, pamoja na wenzake, alichunguza afya ya wafanyakazi hao. Mwaka 1953 walitangaza waliyoyaona. Makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Tena walichunguza watu wa posta. Wagawa barua, waliokwenda kwa miguu au kwa baiskeli, walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa ofisini.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Makondakta wale hawakuwa wakimbiaji. Hakuna aliyewapigia filimbi. Walipanda ngazi tu, kidogo kidogo, siku zote za kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, katika kijiji chetu nani ni dereva, na nani ni kondakta? Fundi cherehani hukaa. Mwenye duka hukaa. Karani wa ofisi ya kijiji hukaa. Kijana wa bodaboda husafiri mbali, lakini yeye mwenyewe amekaa, na abiria wake amekaa pia. Mkulima wa jembe, mama anayeteka maji kisimani, na mchungaji anayefuata ng'ombe, hao ni makondakta.

4. Pima zoezi lako kwa maneno

Kazi ya mwili tunaweza kuigawa katika mafungu matatu. Huhitaji chombo cha kupimia. Kinywa chako kinatosha.

Kazi nyepesi. Unaweza kuzungumza, na hata kuimba, bila taabu. Mfano ni kutembea polepole sana, au kupepeta mchele.

Kazi ya wastani. Unapumua kwa kasi zaidi, na mwili unapata joto. Unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba wimbo. Mfano ni kutembea haraka kama mtu anayechelewa gulio, au kuendesha baiskeli mahali pa tambarare.

Kazi ya nguvu. Unahema. Unasema maneno machache tu, kisha lazima uvute pumzi. Mfano ni kukimbia, kupanda mlima kwa haraka, kuruka kamba, au kuchimba shimo bila kupumzika.

Lakini angalia sana. Kazi moja si sawa kwa watu wote. Kupanda mlima mdogo kwa kijana wa mpira ni kazi ya wastani. Kwa mwenye duka, mlima ule ule ni kazi ya nguvu. Kwa hiyo usijipime kwa miguu ya mwenzako. Jipime kwa pumzi yako mwenyewe.

Mwenye saa au simu anaweza pia kuhesabu mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Utasikia mshipa unadunda. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa 2. Kuna hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya mtu. Chukua 220, utoe umri wake. Kwa mtu wa miaka 52 ni 220 - 52 = 168. Katika zoezi la wastani mapigo yake yatakuwa kama 108 hadi 128 kwa dakika. Yakizidi hapo, ameingia katika zoezi la nguvu. Lakini haya ni makadirio tu. Watu hutofautiana, na dawa nyingine za presha hupunguza mapigo ya moyo. Kipimo cha maneno ni rahisi zaidi.

5. Dakika ngapi zinatosha?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo. Lilisema kwamba mtu mzima afanye moja kati ya haya kila wiki:

(a) mazoezi ya wastani, dakika 150 hadi 300, au
(b) mazoezi ya nguvu, dakika 75 hadi 150; au
(c) kuchanganya yote mawili.

Umeona jambo gani hapo? Dakika 75 ni nusu ya dakika 150. Maana yake ni kwamba dakika moja ya nguvu tunaihesabu sawa na dakika mbili za wastani. Ni kama kubadilisha fedha. Noti moja ya shilingi elfu mbili ina thamani sawa na noti mbili za shilingi elfu moja. Mwenye muda mwingi alipe kwa muda. Mwenye muda mchache, na mwili uliozoea, anaweza kulipa kwa nguvu.

Tuone mfano. Mama mmoja hutembea haraka dakika 30 kwa siku, siku tatu kwa wiki. Hizo ni dakika 90 za wastani. Siku nyingine mbili huruka kamba na binti zake, dakika 15 kila siku. Hizo ni dakika 30 za nguvu, nasi tunazihesabu kuwa 60. Jumla ni 90 + 60 = 150. Amefikia kipimo.

Zamani ilisemwa kwamba zoezi lisilofika dakika kumi kwa mfululizo lisihesabiwe. Mwongozo wa mwaka 2020 umeliondoa sharti hilo. Kila kidogo kinahesabiwa. Dakika tano za kwenda kisimani kwa haraka zinahesabiwa. Hata asiyefikia dakika 150 anapata faida kuliko asiyefanya kabisa.

Mwongozo huo unasema pia tufanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki. Wazee wa miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke.

6. Marefu yana nini, na mafupi yana nini?

Mwaka 1996 mtaalamu wa Kijapani, Izumi Tabata, pamoja na wenzake walitangaza majaribio waliyofanya kwa vijana wenye mazoea ya michezo. Vijana waliendesha baiskeli zisizotoka mahali pake, kwa wiki sita. Kundi la kwanza liliendesha kwa wastani dakika 60 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kundi la pili liliendesha kwa nguvu zote sekunde 20, likapumzika sekunde 10, likarudia hivyo mara saba au nane. Zoezi lote lilikuwa kama dakika nne.

Matokeo yalikuwa nini? Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Kundi la dakika nne halikubaki nyuma. Tena lilipata nguvu ya kazi za ghafla, ambayo kundi la kwanza halikuipata.

Mpwa wa mwenye duka akisoma habari hii atafurahi. Atasema, "Si niliwaambia?" Lakini ngoja kwanza, ndugu msomaji. Wale walikuwa vijana, wenye afya, waliozoea michezo. Nguvu waliyotumia ilikuwa ya kuchoka kabisa. Hiyo si njia ya kuanzia kwa mtu wa miaka 52 aliyekaa kitini miaka minane.

Tusikilize jaribio jingine. Katika mji wa Trondheim, nchini Norway, walichaguliwa wazee zaidi ya 1,500 wenye umri wa miaka 70 hadi 77. Kundi moja lilifanya mazoezi ya wastani dakika 50, mara mbili kwa wiki. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Walifanya nguvu dakika nne, kisha polepole, wakarudia mara nne. Kundi la tatu liliambiwa lifuate tu mwongozo wa nchi wa kufanya mazoezi. Walifuatiliwa miaka mitano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Kwa idadi ya waliokufa, haikuonekana tofauti ya kutosha kusema kwamba njia moja inaishinda nyingine.

Basi tunajifunza hivi. Njia zote mbili huuimarisha moyo. Mazoezi mafupi ya nguvu huokoa muda, na huongeza uwezo wa pumzi upesi. Lakini huchosha, huumiza viungo visivyozoea, na yana hatari kwa moyo usiozoea. Mazoezi marefu ya wastani huhitaji muda zaidi. Lakini ni salama zaidi, hayahitaji viatu vya bei, na mtu anaweza kuyafanya siku nyingi bila kuumia.

7. Nani achague lipi?

Mkulima wakati wa kilimo. Kama unalima kwa jembe saa tatu au nne kila siku, umekwisha kupita dakika 150. Huna haja ya kwenda kukimbia. Pumzika vizuri, unywe maji, ule vizuri. Lakini kilimo kikiisha, usikae kimya miezi minne. Tembea.

Mtu wa kukaa. Fundi cherehani, mwenye duka, karani na dereva, anzeni na kutembea. Msianze na mbio.

Mgonjwa wa presha, moyo au kisukari, na mama mjamzito. Muulize kwanza mganga au muuguzi. Mara nyingi atakuruhusu kutembea, na atakuambia kiasi gani. Usiache dawa zako kwa sababu umeanza mazoezi. Mgonjwa wa kisukari avae viatu na akague miguu yake kila siku. Anayetumia sindano za kisukari achukue kitu kitamu mfukoni, maana sukari inaweza kushuka mno.

Kijana mwenye afya na muda mchache. Huyu anaweza kuchagua mazoezi ya nguvu, siku tatu kwa wiki. Lakini naye aanze kwa kupasha mwili joto.

8. Jinsi ya kuanza

Mwendapole hajikwai. Hapa upo mpango wa mtu anayeanza. Afanye siku tano kwa wiki:

Wiki ya 1 na ya 2: tembea haraka dakika 10.
Wiki ya 3 na ya 4: dakika 15.
Wiki ya 5 na ya 6: dakika 20.
Wiki ya 7 na ya 8: dakika 25.
Wiki ya 9 na kuendelea: dakika 30.

Dakika 30 mara siku 5 ni dakika 150. Sasa umefika.

Ukizoea, na kama mganga hana pingamizi, unaweza kuongeza nguvu kidogo. Fanya hivyo siku mbili tu kwa wiki. Tembea kawaida dakika tano. Kisha chagua mti ulio mbele yako. Nenda kwa kasi sana mpaka kwenye mti huo, kama dakika moja. Halafu tembea polepole dakika mbili, mpaka pumzi irudi. Rudia mara tano. Malizia kwa kutembea polepole dakika tano. Zoezi lote ni dakika 25. Umechanganya refu na fupi, wala hukuuharakisha moyo kwa ghafla.

Usione aibu kwenda polepole. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, nchini New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32. Aliweka rekodi ya dunia. Sisi tunazikumbuka dakika zile tatu. Hatuioni miaka ya matayarisho. Hata leo mabingwa wa mbio ndefu hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi, mwendo ambao wanaweza kuzungumza. Mbio kali huzifanya siku chache. Kama bingwa hakimbii kwa nguvu zote kila siku, sisi tunaharakia nini?

9. Dalili za hatari

Acha zoezi mara moja, uketi, ukiona dalili hizi:

(a) kifua kuuma au kubana;
(b) maumivu yanayokwenda kwenye mkono, shingo au taya;
(c) kizunguzungu, au macho kuona giza;
(d) pumzi kukatika, na kupumzika hakusaidii;
(e) moyo kwenda mbio ovyo bila mpango.

Usiseme, "Itapita." Nenda zahanati au hospitali, hata kama imepita. Kama maumivu ya kifua hayaishi, usiende peke yako. Waite watu wakupeleke haraka. Usione haya kama mwenye duka alivyoona. Haya haikuponyi.

10. Mwenye duka alifanya nini?

Mkewe ndiye aliyemwambia muuguzi habari za uwanjani. Muuguzi alimwita mwenye duka, akamgombeza kwa upole, kisha akamwandikia barua ya kwenda hospitali kupimwa moyo. Baada ya kupimwa alipewa ruhusa ya kutembea. Mbio alikatazwa kwanza.

Mpwa wake alikuja kumwomba radhi.

"Nisamehe, mjomba. Mimi nilitaka upone upesi."

"Hukufanya kwa ubaya, mpwa wangu. Lakini ulinipa mwendo wako. Sasa wewe ufuate wangu."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla ya kufungua duka, wawili hao hutembea mpaka kisimani na kurudi. Mpwa huzungumza habari za mpira. Mjomba hujibu. Akishindwa kujibu, wanapunguza mwendo. Hicho ndicho kipimo chao. Kwa ndugu yake ng'ambo ya bonde sasa mwenye duka huenda kwa miguu. Presha yake imeshuka kiasi, lakini bado anameza dawa na kwenda kupimwa kila mwezi.

Ndugu msomaji, tulianza na swali. Tutembee sana au tukimbie kidogo? Jibu ni hili. Yote mawili ni mazuri. Lakini anza na lile ambalo pumzi yako inaliweza leo, na ambalo utaweza kulirudia kesho, keshokutwa na wiki ijayo. Zoezi la nguvu ulilofanya siku moja ukaliacha halikufai kama mwendo wa wastani unaoufanya mwaka mzima.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini mwenye duka hakujua kwamba ana presha?
2. Mpwa alikosea nini? Mjomba alikosea nini?
3. Taja kazi tatu za kijijini kwetu ambazo mfanyakazi hukaa kutwa. Watu hao wanaweza kufanya zoezi gani, na saa ngapi?
4. Mtu mmoja hutembea haraka dakika 20 kwa siku, siku sita kwa wiki. Amebakisha dakika ngapi kufikia 150?
5. Mwingine hukimbia dakika 25, mara tatu kwa wiki. Ukizibadili kuwa dakika za wastani, ni dakika ngapi?
6. Simameni nje wote. Tembeeni haraka kwa dakika tano, wawili wawili, huku mkizungumza. Asiyeweza kupewa mwendo huo na mganga wake abaki akihesabu dakika. Kisha kila mmoja aseme: kwake zoezi hilo lilikuwa jepesi, la wastani, au la nguvu?
7. Nani katika kikundi hajapimwa presha mwaka huu? Pangeni siku ya kwenda zahanati pamoja.